Kundi Letu la Dirishani

Mjukuu wangu anasomea ualimu kule Chimwaga, kwenye chuo kikuu cha Dodoma. Likizo iliyopita alikuja nyumbani na habari za kufundisha kwa vikundi: wanafunzi wagawanywe, kila mmoja awe na kazi yake, wafundishane wenyewe kwa wenyewe. Ananieleza kana kwamba kitu hicho kimeshuka juzi na ndege. Nikamwambia, "Weee, mimi nimekaa kwenye kundi Mwingereza akiwa bado ndiye mwenye nchi. Tena kundi letu lilikuwa hodari kuliko yote, na uhodari wake ndio ulionikosesha shule." Akadhani natania. Alipoona sicheki akachukua kalamu, akasema, "Bibi, sema, naandika." Basi nasema.

Kwanza neno moja. Mimi ni kipofu. Yeye anataka niseme "asiyeona", ndivyo walivyofundishwa huko, lakini mimi nimekuwa kipofu kabla mama yake hajazaliwa na sitaki kubadilishiwa jina uzeeni. Sikuzaliwa hivi. Nilizaliwa naona vizuri kabisa. Nilijua ng'ombe wa baba kwa rangi zao, hata wakiwa mbali nyuma ya vumbi lao wenyewe. Mara moja nilipelekwa Dodoma mjini, nikaona reli, nikaona vitambaa vilivyoning'inizwa mbele ya maduka ya Wahindi, vya rangi ambazo kwetu hazikuwapo. Mpaka leo nikiota ndoto naona. Nikiamka ndipo sioni.

Shule yetu ilikuwa chumba kimoja kirefu cha matofali mabichi, na dirisha moja tu kubwa upande wa mashariki. Mwalimu wa kwanza tuliyekuwa naye alifundisha kwa fimbo na kwa kuimba: yeye anasema, sisi tunarudia, mwenye kusinzia anachapwa. Kiswahili chenyewe tulikuwa tunakijifunza palepale, maana nyumbani ni Kigogo kitupu. Ukichapwa kwa neno usilolijua maana yake, unalia mara mbili.

Tulipofika darasa la tatu akaja mwalimu mwingine. Alikuwa kijana aliyetoka upande wa Tabora, ndiyo kwanza amemaliza chuo, na kila asubuhi alifuta viatu vyake kwa leso. Viatu! Katika vumbi la Ugogo! Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Lakini siku ya pili tu alituamuru tuinue madawati, tukayageuza yakatazamana, wanne wanne, na akatuambia maneno ambayo hatukuwahi kuyasikia kwa mwalimu: kwamba kuanzia leo tunaruhusiwa kuongea darasani.

Kila kundi, alisema, litakuwa na msomaji wa kusoma ubaoni na kitabuni, mwandishi wa kuandika kwenye sleti, mpimaji wa kupima na kuhesabu, na msemaji wa kusimama na kueleza kundi limepata nini. Alama ni moja kwa kundi zima. Mkishinda mmeshinda wote, mkianguka mmeanguka wote. Nani afanye kazi gani, mtapanga wenyewe. Mzee mmoja wa kamati ya shule alikuja akatukuta tunazungumza kwa sauti, akaguna, akasema huyu kijana ameleta soko.

Kundi letu lilipata nafasi dirishani. Tulikuwa wasichana wawili na wavulana wawili. Yule msichana mwenzangu alikuwa mrefu, mikono mirefu, mwandiko wake unapendeza kama ushanga uliopangwa. Mvulana mmoja alikuwa mtoto wa mwinjilisti wa kijiji, amezoea kumsikia baba yake akisoma kanisani, kwa hiyo kusoma kwake kulikuwa kwa sauti na madaha. Wa pili alikuwa mchungaji hasa, shule kwake ilikuwa mapumziko tu baina ya ng'ombe na ng'ombe. Hakuwa msemaji wa maneno mengi, ila ukimwonyesha kundi la mbuzi linapita, anakuambia wangapi kabla vumbi halijatua. Huyo akawa mpimaji.

Na mimi? Mimi wakati huo macho yalikuwa yameanza. Msinishangae. Kwetu kila mtoto macho yalikuwa mekundu, yanatoa tongo, nzi wamejaa. Mama anamfuta mdogo kwa upande wa kaniki, kisha anamfuta mkubwa kwa upande uleule. Nani angejua kuwa ya huyu ni ya kawaida na ya yule yanaharibika? Wanawake wazima wengi walikuwa na kibano cha kung'olea kope zilizoota kuelekea ndani, wamekifunga kwenye pindo la nguo. Tulidhani ni sehemu ya kukua. Mimi niliona tu kwamba ubao umeanza kuwa na moshi, na kwamba kila nikipepesa ni kama kuna mchanga.

Niliwaambia wenzangu, kwa kuwa walikuwa wenzangu. Wala hawakukaa baraza. Yule mchungaji alisema neno moja, "Basi wewe utakaa majini," na sote tukaelewa. Kwetu watoto wanaochunga pamoja wana sheria yao. Mmoja akichomwa mwiba, hasemwi nyumbani. Anawekwa pale kwenye maji awatazame ndama, kazi ambayo haina mbio, na wenzake wanakimbia badala yake. Jioni wote mnaingia zizini mkiwa mmenyooka, baba akiuliza mmeshindaje mnasema tumeshinda vizuri. Ukimsema mwenzako utachunga peke yako mpaka utie akili. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi sitaki mtu aje kuniambia kuwa ulikuwa ujinga. Ulikuwa upendo, na ulifanya kazi kondeni kwa sababu mwiba hutoka.

Basi nikawa msemaji. Kazi ya msemaji haihitaji macho. Mtoto wa mwinjilisti alisoma kila kitu kwa sauti, mwalimu akimsifu kwa moyo wake wa kuwajali wenzake, kumbe alikuwa ananisomea mimi. Mimi nilisikia mara moja, kikakaa. Kichwa changu kilikuwa chepesi, nalisema hili bila haya, uzee umeshanivua haya. Nilikuwa nawapangia: tuanze na hili, hili tuliache, wewe pima hapa, wewe andika hivi. Kisha nasimama, nanyoosha shingo, naeleza. Makundi mengine yalikuwa na vita vya kila siku. Mmoja anafanya, watatu wanachezea chawa. Sisi hatukugombana hata siku moja, kwa kuwa tulikuwa na jambo la kulinda.

Maana yake nini kulinda? Sikilizeni. Msichana mmoja wa darasa lililotutangulia alianza kujikwaa, baba yake akamtoa shule wiki ileile. Alisema ni ule ubao mweusi na zile chaki ndizo zinazowaharibu watoto macho. Kijiji kizima kiliamini hivyo. Baba yangu naye alikuwa ameshatoa neno lake: nikishinda mtihani wa darasa la nne na kuchukuliwa shule ya kati, ile ya bweni, ataniacha niende na atanisindikiza mwenyewe mpaka kwenye lori. Nisiposhinda, asisikie tena habari za kalamu. Hakuwa mtu mkali, baba, ila alikuwa na neno moja tu. Na mimi nilitaka kuwa mwalimu, kufa na kupona. Nilikuwa nawafundisha mbuzi. Kwa hiyo macho yangu yalipaswa kuwa siri mpaka nipande lile lori.

Mchana, wakati wa mapumziko, yule msichana mrefu alinipeleka korongoni, mahali pa mchanga mweupe penye mwanga, akanilaza kichwa mapajani pake na kuning'oa kope kwa kibano alichomwibia bibi yake. Alikuwa anaimba ili nisilie. "Usicheke, nitakutoboa," ananiambia, na mimi ndipo ninapocheka. Alikuwa na mkono mwepesi. Nikitoka hapo naona vizuri kidogo kwa siku kadhaa, halafu moshi unarudi, na kila ukirudi umezidi.

Kazi yetu kubwa kuliko zote ilikuwa ramani. Mwalimu alitaka kila kundi lifinyange kijiji kwa udongo, juu ya ardhi, nje ya darasa: nyumba, njia, visima, mashamba, korongo linatoka wapi na kwenda wapi. Mpimaji wetu alipima kijiji kizima kwa hatua. Mimi nilifinyanga. Nyumba zetu za tembe zina paa bapa, ni rahisi kwa udongo, na vidole vyangu tayari vilikuwa vimeanza kujifunza kazi ya macho bila kuniaga. Nilijua kila njia kwa miguu. Tulipomaliza, watu wazima walikuja kutazama, kila mmoja akitafuta nyumba yake, na bibi mmoja akagombana nasi kwa sababu zizi lake tumelifanya dogo.

Wiki hiyo akaja mkaguzi, Mzungu wa kofia ngumu, ameongozana na karani wake. Nilisimama mbele ya ramani nikaeleza: maji ya mvua yanapita wapi, kwa nini kisima cha kusini kinakauka mapema, mahali gani pangefaa kuchimbwa lambo. Kijiti mkononi, naonyesha bila kukosea, kwa kuwa kijiji kile nilikifinyanga mimi. Mkaguzi alisema kitu, karani akatafsiri: "Bwana anasema huyu binti atafika mbali." Mwalimu wetu alifurahi mno. Alikuja jioni nyumbani kwetu, akamwambia baba, mimi nikiwa mkalimani wao, na baba akampa maziwa ya mgando kwenye kibuyu chake mwenyewe. Sisi wanne tulijiona tumeshamaliza kazi.

Sasa mtaniuliza, kama alivyoniuliza huyu anayeandika: Bibi, hamkujua kuwa mtihani unakuja? Tulijua! Tulikuwa tukiungojea kwa hamu. Lakini nani kati yetu aliwahi kuuona mtihani wa namna ile? Majaribio yote ya mwalimu tulifanya kwa kundi. Tulidhani siku hiyo tutakaa dirishani, msomaji asome, tupange, mwandishi aandike. Tulikuwa tumejiandaa barabara. Tulimwambia hata msomaji wetu asile karanga asubuhi, zisije zikamkausha koo.

Siku ya mtihani madawati yalitolewa nje. Yalipangwa uwanjani, mbalimbali, mtoto mmoja dawati moja. Mwalimu wetu alizuiliwa asikaribie. Msimamizi alitoka shule nyingine, mtu wa sauti nzito. Jua lilikuwa limeshapanda, na jua kwa macho yale lilikuwa ni pilipili. Nikawekewa karatasi. Nikaiinua mpaka ikagusa pua. Nikaona weupe, na ndani ya weupe kijivu, basi. Nikasikia kalamu za wenzangu zinaanza kukwaruza pande zote, nikaelewa kuwa leo hakuna kundi.

Nyuma yangu mtoto wa mwinjilisti akakohoa. Kisha akaanza kusoma. Alisoma swali la kwanza kwa sauti ya chini lakini wazi, kama siku zote, kituo kwa kituo. Msimamizi akaja kwa hatua kubwa, akapiga dawati lake kwa kiganja. "Ukifungua tena huo mdomo unatoka!" Akathubutu tena, maneno mawili matatu. Msimamizi akamwinua kwa sikio na kumhamishia mbali, na huko nikasikia anavuta kamasi, analia huku anaandika. Mimi niliandika jibu la swali la kwanza. Baada ya hapo nikaandika kila kitu nilichokijua, habari za mvua, za mito, hesabu nilizozikumbuka, mstari juu ya mstari, maana sikuweza kuona mstari uliotangulia umeishia wapi.

Yule msichana mrefu ndiye aliyekwenda kumwambia mwalimu. Alivunja sheria yetu, na sikumkasirikia. Mwalimu alikuja, akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga, akatazama. Halafu akakaa chini, mavumbini, na suruali yake ile ya kupigwa pasi. Alfajiri ya kesho yake alinipakia kwenye baiskeli, akamwomba baba ruhusa kwa kisingizio cha dawa ya tumbo, akanipeleka hospitali ya misheni. Daktari alikuwa mwanamke wa Kizungu, anasema Kigogo cha kuchekesha. Alinigeuza kope, akatia dawa, akamwambia mwalimu kwa upole kwamba dawa hii ingezuia kama ningeletwa zamani kidogo, mwaka uliopita labda, sasa kovu limeshakaa juu ya kioo cha jicho. Njiani kurudi, huku akikanyaga baiskeli, mwalimu aliuliza, kama anajiuliza mwenyewe, "Mwaka mzima, nilikuwa natazama nini?" Nilimhurumia. Alikuwa akitazama kundi, na kundi lilikuwa zima.

Siku chache baadaye aliniita shuleni. Alikuwa ameipata karatasi ya maswali iliyobaki. Tulikaa kizingitini, akanisomea swali la kwanza, nikajibu. La pili, nikajibu. Alisoma yote, jiografia, hesabu, maarifa, Kiswahili, na kwenye hesabu ndefu alinisomea mara mbili nikapiga kichwani. Alipofika mwisho alikunja ile karatasi. "Umepata yote," akasema. Sauti yake ilikuwa ya ajabu, lakini mimi nilikuwa mtoto, ningejuaje? Nilisikia maneno tu. Umepata yote! Nilimshukuru, nikamwamkia shikamoo ambayo sikuhitaji kumwamkia, nikakimbia nyumbani nikigonga vichaka.

Nilimwambia mama: nimeshinda, mwalimu mwenyewe kaniambia. Mama akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Shule ikafungwa, mwalimu akaenda kwao likizo, na sisi tukaanza kujiandaa. Mama alikata kaniki yake mpya ya sikukuu akanishonea gauni. Alinikaangia karanga, akanipondea unga wa uwele laini wa safari, akavifunga. Baba alikwenda akachinja mbuzi, na mtu wa kwetu hachinji mbuzi hivihivi wakati wa kiangazi. Siri ya macho niliendelea kuifunga. Bado kidogo tu, nilijiambia, nikishafika bweni watanipa dawa, nitapata kundi jingine, nitakaa dirishani.

Lori lilikuja kusimama mbele ya duka la Mhindi, pale njia panda. Baba alinishika mkono tangu alfajiri, amevaa mgolole wake wa heshima, fimbo begani, mzigo wangu nimejitwika mimi mwenyewe maana nilikataa kusaidiwa. Tulikuta watu wengi. Yule msichana mrefu, kwao mbali, hatukuwa tumeonana tangu shule ifungwe, aliponiona alipiga kelele, "Na wewe! Na wewe!" akanikumbatia mpaka mzigo ukataka kuanguka. Mtoto wa mwinjilisti naye alikuwapo. Walikuwa wameshinda wote wawili; mpimaji wetu tu ndiye aliyebaki na ng'ombe wake. Walicheka, wakanivuta huku na huku, wakaniambia watanishikia nafasi karibu na kibanda cha dereva, hapo hapana vumbi.

Mwalimu alikuwa amerudi. Nilisikia sauti yake, anaita waliochukuliwa, mmoja mmoja, nao wanapanda, mbao za lori zinalia. Msichana mrefu akaitwa, akapanda. Mtoto wa mwinjilisti akapanda. Wakaitwa wengine wa vijiji vingine. Kisha majina yakaisha, na dereva akawasha moto.

Baba, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi tu, alisogea mbele akanisukuma taratibu begani. Akasema kwa Kigogo, kwa heshima, "Mwalimu, huyu wangu hujamwita."

Mwalimu alikuja. Alinitua mzigo kichwani, akaushika. Nikamwambia, "Mwalimu, ulisema nimepata yote." Akasema, "Umepata, mwanangu. Umepata yote. Lakini karatasi uliyowapa watu wa mtihani haikusomeka, na mimi sikuruhusiwa kuwapelekea uliyonijibu. Nisamehe." Alikuwa analia, mtu mzima, mbele za watu. Juu ya lori wenzangu walikuwa wameanza kuniita, panda, panda, unangoja nini, na lori likaanza kusogea huku bado wananiita.

Baba akainama sikioni pangu. "Anasemaje?"

Aliyeulizwa ni mimi, mkalimani wake wa siku zote. Nikamwambia, "Anasema lori limejaa."

Baba akafikiri kidogo. "Basi tutangoja jingine," akasema, akauchukua mzigo wangu kwa mwalimu, akauweka chini penye kivuli, akakaa kando yangu.